Kirumbizi: mtoto na asikie kwanza, fimbo baadaye

Ndugu aliyeuliza vipi atawafundisha vijana wake kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo unaochezwa kwa zumari na ngoma, bila ya kuwarudisha kwa mama zao na vidole vilivyovimba, nitamjibu kwa yale yaliyonipata, kwani nimewafundisha wavulana wa mtaani kwetu Lamu kwa miaka kadhaa, jioni wakishatoka chuoni.

Kosa langu lilikuwa kuwapa fimbo siku ya kwanza. Walivyokwisha kuona filamu za karate, kila mmoja alitaka kumshinda mwenziwe, zumari na ngoma hawakuzisikia tena, na mmoja akapigwa kidole hata akashindwa kushika kalamu wiki nzima. Mzee aliyekuwa barazani akitutazama aliniita, akasema: "Hawa hawatezi, hawa wateta," yaani hawachezi, wanagombana.

Tangu hapo, mwezi wa kwanza hawagusi fimbo. Twaenda ufukoni maji yakipwa, wakazunguka duara mikono mitupu, magoti yamelegea kidogo, hadi miguu yao ijue yenyewe ngoma ya vumi inapolia na ile ya chapuo inapojibu. Baadaye nawapa fimbo nyepesi za henzerani. Bakora ya mti wa mtobwe ni ya aliyekwisha kuhitimu. Shabaha ni fimbo ya mwenzako, kamwe si mwili wake, na macho yatazame bega, si ncha ya fimbo, kwa sababu bega husogea kwanza. Anayepiga nje ya mdundo hutoka duarani, hata kama pigo lake lilikuwa zuri.

Zamani hatukufundishwa hivi. Tulijifunza kwa kutazama harusini na siku za Maulidi, kisha mtu mzima akakusukuma uwanjani. Siku hizi harusi nyingi zina spika, na kijana hupata nafasi chache za kutazama. Kwa hiyo nakusihi, usitumie muziki wa simu. Mpiga zumari hasa huwatazama wachezaji, akawachochea wanapopamba moto na kuwapoza hasira zinapoanza kupanda, ilhali simu haimtazami mtu.

Taabu ni kumpata mpigaji mwenyewe. Yule kijana aliyeumia kidole ameacha fimbo, sasa anajifunza zumari. Mashavu humuuma kila jioni, na bado hajaweza kuvuta pumzi bila ya kuikata sauti.