Sepetu na Shingo katika Barua ya Mnunuzi

SWALI: Mimi ni karani wa mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kirumba, Mwanza. Mnunuzi anayetuandikia kwa Kiingereza alilalamikia mchanga katika shehena yetu, akisema kwamba "anaita sepetu sepetu" na kwamba "amenyoosha shingo nje" kwa ajili yetu. Tajiri wangu anaona tumetukanwa. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, hamkutukanwa. Kuita sepetu sepetu (kwa Kiingereza "to call a spade a spade") ni kusema bila kumung'unya maneno. Asili yake ni Kigiriki, kwani Plutarch, mwandishi wa Ugiriki ya kale, alieleza kuwa watu wa Makedonia huita karai karai (neno lilelile la Kigiriki lilitaja pia mtumbwi), lakini Erasmus, mwanazuoni wa Uholanzi, alipolitia katika Kilatini akaligeuza kuwa chombo cha kuchimbia, na mwaka 1542 mfasiri Mwingereza Nicholas Udall akaandika sepetu ("spade") kwa Kiingereza. Hata hivyo, nakusihi usiutumie usemi huo wewe mwenyewe, kwa sababu katika karne ya 20 neno hilo "spade" lilitumika Marekani kuwatusi watu weusi, na wengi sasa wanauepuka.

Kunyoosha shingo nje ("to stick one's neck out") ni kukubali hatari ya kulaumiwa kwa ajili ya jambo au mtu. Inaelekea mnunuzi huyo amewatetea mbele ya wakubwa wake, nanyi mnamdai shukrani, si hasira. Mjibuni waziwazi: mwelezeni kama dagaa wale walianikwa mchangani au juu ya vichanja, na shehena ijayo itaanikwa wapi.