Kiraka Kukubali Si Ushahidi Kwamba Kerneli Iko Salama

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nasimamia klasta, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja, inayotumia mfumo wa faili wa Lustre, na seva zetu za hifadhi ni za ldiskfs, umbo la hifadhi ambalo Lustre hutumia diskini. Tuliposasisha kerneli, yaani kiini cha Linux, kwa sababu za usalama, moduli za Lustre (vipande vya msimbo vinavyopakiwa ndani ya kerneli) ziligoma kupakiwa, na ujumbe ukawa «Invalid module format». Nikachukua viraka (faili za mabadiliko ya msimbo) vya kerneli ya zamani nikavitia kwenye mpya. Vingi vilikubali mara moja, vingine vilikubali baada ya programu kulegeza masharti, na viwili nikavichomeka kwa mkono. Kerneli imejengeka bila kosa hata moja. Mwenzangu anasema nimejisumbua bure, ningetumia tu modprobe --force, amri inayolazimisha moduli ipakiwe. Je, niiwashe?

JIBU: Usiiwashe kwenye seva yenye data ya watu. Na ushauri wa mwenzako ni mbaya kuliko hicho ulichokifanya.

Swali hili hunifikia mara kwa mara, na karibu kila mara limebeba imani ileile: kiraka kimekubali, kompaila (programu inayojenga kerneli kutoka kwenye msimbo) haijalalamika, basi kazi imekwisha. Inaniudhi kwa sababu wanaoipokea ni watu makini kama wewe, na wanaoieneza hawapo siku data inapopotea.

Angalia programu ya patch, inayotia viraka, inafanya nini hasa. Kila kipande cha kiraka huja na mistari ya muktadha, kwa kawaida mitatu juu ya badiliko na mitatu chini. patch huitafuta mistari hiyo ndani ya faili. Isipoikuta mahali palipotajwa, husogea juu na chini. Ikiikosa kabisa, huanza kulegeza: usipoikataza, hupuuza hadi mistari miwili ya nje kila upande. Hapo umebakiwa na mstari mmoja juu na mmoja chini. Katika msimbo wa ext4, mfumo wa faili wa Linux ambamo ldiskfs huchongwa, mstari huo mara nyingi ni mabano ya kufunga, au amri ya goto out inayojirudia faili nzima. Kiraka kinaweza kutua ndani ya funksheni jirani, na patch ikakuambia kimefaulu. Yenyewe inalinganisha maandishi tu. Ndiyo maana kipande chochote kilicholegezwa nakihesabu kuwa kimekataliwa, mpaka mtu akisome pamoja na funksheni yote inayokizunguka. Ukitumia quilt, zana ya kusimamia viraka, weka --fuzz=0 uone vingapi vinabaki vimesimama.

Kompaila nayo hukagua majina na aina za data. Haijui kwamba funksheni iliyokuwa ikiitwa kufuli (kinachozuia kazi mbili kugusa data ileile kwa wakati mmoja) likiwa limeshashikwa, kwenye kerneli mpya yenyewe ndiyo inayolishika kufuli hilo. Msimbo utajengeka vilevile, na siku mzigo ukipanda seva itaganda ikijisubiri. Kinyume chake ndicho kinachotisha zaidi: kufuli halikushikwa na yeyote, nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazoendeshwa sambamba, zinaandika mahali pamoja, hakuna kinachoganda, na uharibifu unaingia diskini kimya kimya.

Sasa hiyo --force. Kerneli ilipokataa moduli yako ilikuwa inakulinda. Kerneli nyingi za seva huhifadhi namba ya uhakiki kwa kila alama (jina la funksheni au data ya kerneli) inayotumiwa na moduli, na namba hiyo hukokotolewa hata kutokana na mpangilio wa miundo ya data inayohusika. Tuseme toleo jipya limeongeza sehemu moja katikati ya muundo wa inode, rekodi ya taarifa za faili. Kila kilichofuata kimesogea, na moduli ya zamani inaendelea kuandika kwenye anwani za zamani, kama mgawa barua anayehesabu milango wakati mlango mmoja umeongezwa. --force inaufuta ukaguzi huo wote. Kerneli hujiwekea alama ya F kuonyesha kwamba moduli imelazimishwa, na ukipeleka ripoti ya hitilafu yenye alama hiyo, watengenezaji wana haki ya kuiweka kando.

Na hapa haiharibiki mashine moja. Seva ya metadata inashika majina na saraka za klasta nzima. Ikianguka, seva mwenzake hupokea diski zilezile, na wateja (mashine zinazotumia hifadhi hiyo) huwasilisha upya maombi ambayo hayajathibitishwa. Kama seva zote mbili zina kerneli hiyohiyo yenye kasoro, ombi lililoiangusha ya kwanza linaweza kuiangusha ya pili. Nakala za akiba nazo zitanakili uharibifu mpaka mtu agundue.

Kwa hiyo rudi kwenye kerneli ya zamani, bado imo kwenye menyu ya kuwashia, na uizuie isisasishwe yenyewe. Kisha fungua faili la lustre/ChangeLog ndani ya msimbo wa toleo lako usome kerneli zilizojaribiwa. Kama kiraka cha usalama unachokihitaji kimo kwenye mojawapo, hamia hiyo, si nyingine. Wateja hawahitaji kerneli yenye viraka. Hao wajengee moduli upya tu. Ukichoshwa na kazi hii, tangu Lustre 2.4 ya mwaka 2013 seva zinaweza kukaa juu ya ZFS, mfumo mwingine wa hifadhi, bila kuigusa kerneli, ila utalazimika kuunda hifadhi upya na kuhamisha data. GFS2 na OCFS2, mifumo mingine ya faili ya klasta, zimo ndani ya Linux yenyewe tangu 2006, lakini zinahitaji diski ya pamoja na si mbadala wa Lustre kwa kila kazi.

Jihadhari pia na wale wanaogawa kerneli «zilizokwisha tengenezwa», au programu fupi ya kubadilisha namba ya toleo ili moduli ikubali. Mwombe msimbo na orodha ya viraka. Asipotoa, usimpe seva yako. Anayetoa, muulize kama aliendesha sanity na sanityn, majaribio yanayokuja na Lustre yenyewe. Hili la pili hupachika mfumo uleule mara mbili, na ndipo makosa ya kufuli hujitokeza.

Kama umeshaiwasha kerneli hiyo na kupachika hifadhi, hata kwa dakika chache, ishushe. Chukua e2fsck, zana ya kukagua mfumo wa faili, ya toleo lililotengenezwa kwa Lustre, uiendeshe kwanza na -fn ili isome tu bila kurekebisha chochote, na utunze matokeo yake yote kabla ya kuiruhusu iandike.