Jibu: Chupa ya buluu na nyeupe yenye tundu begani, ni ya maua au ya buruma?

Salaam ndugu. Umeuliza kama chupa yako ya Iran ni ya maua iliyotobolewa baadaye, au ni kitako cha buruma (chombo cha maji cha kiko cha kuvutia tumbaku) tangu mwanzo.

Anza na ukingo wa lile tundu, ukiwa na tochi. Kama tabaka la kioo linalopakwa juu ya chombo limetiririka likafunika ukingo, tundu lilikuwepo kabla ya kuchomwa tanuruni. Ukiona ukingo mkali na udongo mkavu mweupe, limetobolewa baadaye. Matundu ya buruma ni mawili: la juu hupitisha bomba linalozama majini, la begani hutoa moshi, hivyo lazima liwe juu ya usawa wa maji.

Kisha, kuhakikisha kuwa ni ya Iran, tazama chini ya chupa pasipopakwa kioo. Vyombo vya Iran vya enzi ya Safawi (ukoo wa wafalme), karne ya 17, vilifinyangwa kwa kwatzi (jiwe gumu) iliyosagwa, kioo kidogo na udongo mweupe. Hapo pana chengachenga kama sukari. Porselini ya China, inayoweza kufanana nayo, ni laini, na pembamba hupitisha mwanga.

Tafadhali usiiloweke! Udongo huu hunywa maji, chumvi hupanda na kubandua kioo. Pangusa kwa pamba yenye unyevu tu.