Kuzika misahafu iliyochakaa: je, ni kujifananisha na Mayahudi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wetu. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Qur'ani hapa Tanga. Nina magunia mawili ya juzuu na misahafu iliyochanika, mingine imeliwa na mchwa. Nilitaka kuichimbia shimo nyuma ya msikiti, mzazi mmoja akanizuia. Anasema amesoma kwenye simu kwamba kuzika vitabu ni desturi ya Mayahudi, na mwenye kujifananisha na watu ni miongoni mwao. Je, ni kweli? Na nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwalimu. Zika, wala usiwe na wasiwasi.

Hadithi aliyokutajia mzazi huyo ipo, ameipokea Abu Daud kutoka kwa Ibn Umar. Lakini wanavyuoni wameifasiri kwa yale yanayowatambulisha watu wa dini nyingine kama alama yao, si kwa kila jambo ambalo wao wanalifanya na sisi tunalifanya. Mayahudi wanatahiri watoto wao wa kiume, nguruwe hawamli, wanafunga. Tuache na sisi?

Tena kuzika kumo ndani ya vitabu vyetu wenyewe. Mahanafi wamesema msahafu uliochakaa uchimbiwe, na Imam Ahmad amepokewa akitaja kuwa Abul Jawzaa, katika waliotangulia, alichimba msikitini kwake akauzika msahafu wake. Suyuti katika al-Itqan, kitabu chake cha elimu za Qur'ani, amenakili kauli ya al-Halimi kwamba kurasa zinaweza kuoshwa kwa maji au kuchomwa moto, kwani Sayyidna Uthman alichoma nakala za misahafu na hakuna aliyempinga. Kadhi Husein akakataza kuchoma, Nawawi akakuona ni makuruhu. Basi khitilafu iko kwenye moto zaidi kuliko kwenye udongo, na wewe umeshachagua upande wenye salama.

Sasa habari ya Mayahudi. Ni kweli, na nakuomba umsimulie mzazi huyo, kwa sababu nadhani hicho alichokisoma kilimpa nusu tu.

Kwao, andiko lenye jina la Mungu halifutwi wala halitupwi. Talmudi, kitabu chao cha sheria na mafundisho, inasema gombo la Taurati likichakaa litiwe kwenye chombo cha udongo, lizikwe kando ya mwanachuoni. Karatasi nyingine huwekwa kwanza mahali pa akiba panapoitwa geniza, kisha hupelekwa makaburini. Katika sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, mji aliouasisi sahaba Amr bin al-As, pembezoni mwa Kairo ya leo, geniza yao ilikuwa chumba chenye tundu juu ukutani. Mtu hupanda ngazi, anasukumiza karatasi ndani, anashuka. Tangu karne ya 11 hadi ya 19 wakawa wanasukumiza, na nyingi hazikupelekwa makaburini kamwe. Hewa kavu ya Misri ikazihifadhi. Mwishoni mwa mwaka 1896 mwanachuoni wao Solomon Schechter alifika kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na kwa idhini ya wakuu wa jumuiya ile akaondoka na vipande takriban 190,000.

Humo hamkuwa na vitabu vya ibada peke yake. Watu wale walikuwa wakihifadhi karibu kila kilichoandikwa kwa herufi zao: mikataba ya ndoa, hesabu za duka, orodha za masikini wanaopewa mkate, madaftari ya watoto wanaojifunza alifu na be za Kiebrania. Sehemu kubwa ya barua zao ni Kiarabu kitupu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, na mfanyabiashara akimwandikia mwenzake habari za pilipili na hariri alikuwa akianza juu kabisa: «Kwa jina lako, Mwenye rehema». Na baadhi ya karatasi zimeandikwa mgongoni mwa amri za makhalifa wa Kifatimiya, watawala wa Misri wa zama zile, zilizokatwa na kutumiwa tena, kwa sababu karatasi ilikuwa ghali. Wanahistoria wa dola za Kiislamu leo wanazisoma amri hizo kutoka kwenye akiba ya sinagogi!

Imo pia barua ya Daudi, mdogo wake Musa bin Maymun, tabibu na mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204. Daudi anamwandikia kaka yake kutoka Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu, baada ya kuvuka jangwa kwa taabu, akimtuliza na kumwambia ameamua kuendelea hadi India. Akazama katika Bahari ya Hindi. Musa aliandika baadaye kwamba msiba ule ulimlaza kitandani muda wa karibu mwaka mzima. Watu wa pwani tunaijua bahari hiyo. Sidhani kama msiba huo unahitaji maelezo.

Na Waislamu walifanya vilevile. Mwaka 1972 mafundi waliokuwa wakitengeneza paa la Msikiti Mkuu wa Sanaa, Yemen, walikuta juu ya dari rundo la ngozi za misahafu ya kale. Dameski nayo, kwenye ua wa msikiti wa Bani Umayya, ilikuwa na kuba iliyojaa kurasa za namna hiyo. Hakuna aliyewaambia wazee wale kwamba wamewaiga Mayahudi.

Kuhusu kazi yenyewe: funga kurasa kwa kitambaa safi, chimba kina cha kutosha mbwa wasifukue na mvua isifichue, mbali na choo na njia ya watu. Nyuma ya msikiti ni pazuri ikiwa hapatajengwa karibuni, kwa hiyo muulize kwanza imamu. Mchwa watamaliza waliyoyaanza, na hilo halina ubaya, maana hata sisi wenyewe tutarudi udongoni.

Usiyasahau na madaftari ya watoto. Mimi nimewahi kuuziwa karanga ndani ya ukurasa wenye Suratul Ikhlas kwa mwandiko wa mtoto. Muuzaji hana kosa, kanunua karatasi kwa kilo. Yaweke kwenye gunia la tatu, yazikwe pamoja na mengine.

Wallahu aalam.