Muulize Mjomba: Zambarau mpaka kwenye viwiko

Wiki hii nina barua tatu, na zote zinauliza habari za chuo kimoja: Queen's, mjini Kingston, Ontario, Kanada. Nimesoma pale, na masufuria ya bwalo lao nimeyaosha miaka minne. Kwa hiyo leo simtafuti mtaalamu, najibu mwenyewe.

*

*Shikamoo Mjomba. Mwanangu yuko mwaka wa kwanza wa uhandisi pale Queen's. Juzi kanitumia picha: mikono ya zambarau mpaka kwenye viwiko kama mtoto aliyepakwa GV, kashikana mabega na watu asiowajua, wote wanarusha miguu. Nimemuuliza hiyo ni dini gani, kaishia kucheka. Tena anasema kocha wa mbio za nyika kamwita kwenye majaribio (alikimbia mita 1500 UMISSETA). Baba yake keshatangaza mtaa mzima kwamba chuo kitamlipia mtoto kila kitu, kwa hiyo kile kiwanja cha Pongwe tusikiuze tena. Ni kweli? — Mama Mwanafunzi, Tanga*

Marahaba, mama. Nianze na zambarau, maana naona ndiyo iliyokukosesha usingizi.

Hujakosea kusema GV. Wanafunzi wa uhandisi wa pale kwa miaka mingi walijipaka dawa ileile tuliyopakwa sisi utotoni kwenye vidonda vya mdomo. Ndiyo alama yao, pamoja na koti la ngozi la rangi ya dhahabu ambalo utakuja kumwona akilipiga chini kwa furaha. Usimgombeze, ndiyo kazi ya lile koti. Lakini mwaka 2019 wizara ya afya ya Kanada ilitoa onyo kwamba GV inahusishwa na saratani. Hapo ni haki yako ya mzazi: muulize kwenye lile beseni alitumbukiza mikono kwenye rangi gani.

Huko kurusha miguu sasa ndiko kwenye utamu. Queen's ilianzishwa mwaka 1841 na kanisa la Waskoti, na Uskoti haujawatoka. Timu zao zinaitwa Gaels. Wana bendi ya wanafunzi iliyoanza mwaka 1905, yenye zumari za mfuko wa ngozi na vijana waliovaa sketi za Kiskoti hata kukiwa na baridi ya kupasua midomo. Wana na wimbo wao, Oil Thigh, ambao kiitikio chake, kilichotungwa mwaka 1891, ni Kigaeli, lugha ya Waskoti ambayo karibu hakuna anayeimba pale anayeijua. Mwisho wanapiga ukelele mara tatu: *Cha gheill!* Maana yake, hatusalimu amri.

Unaimbwa watu wakishikana mabega na kurusha miguu, kila timu ya futiboli ikipata pointi zake 6 kwa kufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la adui. Nasema futiboli, si kandanda: ni ule mpira wa kuchongoka unaobebwa mikononi, na Wakanada wanaucheza watu 12 kila upande, si 11 kama Wamarekani.

Jumamosi yangu ya kwanza uwanjani nilikwenda na sweta la mtumba na kandambili juu ya soksi. Pembeni yangu alikaa bibi wa miaka sabini na ushei, skafu yake ina rangi tatu za chuo: buluu, dhahabu na nyekundu. Gaels walipofunga, aliniweka mkono begani bila hata salamu, akaniamuru nirushe mguu. Nikarusha. Kandambili ikaruka safu tatu mbele, ikampiga mpiga tarumbeta mgongoni. Ilirudishwa mkono kwa mkono, kila mtu akiipokea kwa adabu kama sahani ya pilau, na bibi akanivisha mwenyewe huku anaimba. Tangu siku hiyo sikuwahi kukaa peke yangu pale. Kwa hiyo hao watu asiowajua, mama, ndio watakaomfahamisha duka la koti la baridi liko wapi. Waache washikane mabega.

Sasa kiwanja. Hapa mzee amewahi mno kutangaza.

Anachokifikiria ni mtindo wa Marekani, ambako chuo kinaweza kumlipia mwanamichezo ada, chumba na chakula. Kanada haiko hivyo. Michezo ya vyuo vikuu inasimamiwa na U Sports, na kanuni yake ni kwamba ufadhili wa michezo hauvuki ada na michango ya lazima. Chumba, chakula na tiketi ya ndege ni juu yenu. Tena hicho ni kiwango cha juu, wengi hawakifikii hata kidogo, na vyuo vya Ontario vimekuwa vikibana kuliko vya mikoa mingine. Ongeza hapo kwamba mwanafunzi wa kigeni analipa ada mara kadhaa ya ile ya mwenyeji. Kocha akimpa kijana dola elfu mbili tatu, ashukuru, azinunulie vitabu.

Na kuitwa kwenye majaribio si kuchukuliwa. Akichukuliwa, anao muda: U Sports inampa mwanamichezo miaka mitano ya kuchezea. Mbio za nyika zinaanza Septemba na kwisha Novemba, mara nyingi kwenye tope, na mtu wa mita 1500 ataona cha moto kilomita ya nne. Akimbie, atapata jezi, kocha na wenzake. Kiwanja kiuzeni kama mlivyopanga. Baba yake mwambie nimesema mimi.

*

*Mjomba, nasikia Queen's zamani walikuwa na mtu mweusi aliyewaongozea ushangiliaji. Alikuwa mchezaji? Na walimheshimu au walimfanya kichekesho? — Msomaji, Nairobi*

Aliitwa Alfie Pierce, mzaliwa wa Kingston mwaka 1874, wazazi wake watu waliotoroka utumwa Marekani. Alianza kuandamana na timu akiwa kijana, akaendelea kwa zaidi ya miaka 60 hadi kufa kwake mwaka 1951. Wakati Queen's inatwaa Grey Cup, kombe la futiboli la nchi nzima, mara tatu mfululizo, 1922, 1923 na 1924 (ile ya 1923 kwa 54 bila dhidi ya Regina), Alfie alikuwepo, amevaa zile rangi tatu.

Swali lako la pili limenisumbua tangu nilipokuwa mwanafunzi. Walimpenda, hilo halina ubishi, hata ukumbi wa starehe wa wanafunzi uliitwa kwa jina lake. Lakini enzi hizohizo timu ilifuga dubu wa kweli, Boo Hoo, kwa kazi ileile ya kuchangamsha watu. Mtu na dubu, kazi moja. Unaweza kumpenda mtu kwa dhati na bado ukawa umemweka mahali ambapo usingekubali akae mwanao. Mimi nikiangalia picha zake, macho hayaendi kwenye nguo, yanakwenda usoni, na uso ule hauchekeshi.

*

*Kaka, nimebishana na wenzangu kijiweni. Eti kuna mechi ya hoki ya vyuo Kanada ilichezwa mpaka usiku wa manane? — Mbishi, Temeke*

Umeshinda, wakulipe soda. Machi 2011, hoki ya barafuni ya wanawake, Queen's na Guelph katika fainali ya Ontario. Dakika 60 za kawaida ziliwaacha sare. Wakaongeza muda, sare, wakaongeza tena, sare, hadi muda wa nyongeza wa sita ndipo Queen's walipopata bao na mchezo ukaisha 2 kwa 1. Zaidi ya dakika 160 za kuteleza juu ya barafu, na wale ni wanafunzi. Na fainali ilikuwa haijaisha, maana ile ilikuwa mechi yake ya kwanza tu.