Stenlesi Ikiwa Nyekundu, Angalia Saa

Karibu kazini, wewe unayeanza mwezi huu katika karakana za Nairobi, iwe Industrial Area, Kariobangi au Kamukunji. Mimi nimekaa na matanuri miaka kadhaa, na kuna jambo nililolijua kwa hasara ambalo ningependa ulijue mapema. Chuma kikiwa baridi, mara nyingi inatosha kujua kinabeba kilo ngapi. Kikiwa chekundu kwa moto, lazima ujue pia kitazibeba kwa saa ngapi.

Mwaka wangu wa pili nilitengeneza trei ya kubebea vipuri ndani ya tanuri la nyuzi 850 za Selsiasi. Nilitumia 304, stenlesi ile ile ya masinki na meza za hoteli. Kabla ya kuiingiza tulipanda juu yake watu wawili, haikutikisika. Wiki ya kwanza ilitoka imenyooka. Wiki ya tatu ilikuwa imebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilichochoka, na wiki ya tano ikagusa sakafu ya tanuri ikakwama, vipuri vya mteja vikiwa ndani. Joto halikuzidi. Mzigo haukuzidi. Wala chuma hakikuyeyuka, kwa sababu 304 huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1,400.

Wahandisi huita hali hii kripu. Atomi zikipata joto la kutosha huanza kuhama kidogo kidogo, na punje za chuma, yaani vichembe vinavyokiunda, huteleza mipakani mwake. Mzigo ambao chuma baridi kingeubeba miaka na miaka unakivuta kila saa inayopita. Mwanzoni hunyumbuka haraka kisha hupunguza mwendo, halafu huingia kipindi kirefu cha mwendo sawasawa, na mwisho huongeza kasi hadi kikatike. Kwa 304 na ndugu yake 316, wabunifu huanza kuhesabu kripu kwenye kama nyuzi 540.

Usiniamini kwa maneno tu. Nunua waya wa lehemu, ule wa risasi na bati wa mafundi wa redio. Ufunge kwenye msumari ukutani, uning'inize nati nzito chini, uchore alama ya kalamu pale nati inapofika. Kila asubuhi, kabla ya chai, chora alama nyingine. Utaona waya unashuka bila kuguswa na mtu, katika baridi ya Nairobi ya Julai. Lehemu huyeyuka karibu na nyuzi 183, kwa hiyo kwake hewa ya karakana tayari ni tanuri. Mwanafizikia Mwingereza aitwaye Andrade alichunguza nyaya zilizovutwa namna hiyo, zikiwemo za risasi, akachapisha matokeo mwaka 1910. Mimi kila mwanagenzi anayenijia namwanzisha na waya huu.

Sasa joto lenyewe. Fundi akikwambia, “Ongeza nyuzi 25 tu, tumalize haraka,” kaa naye mpige hesabu. Mwaka 1952 Larson na Miller walitoa kanuni inayounganisha joto na muda. Kwa kanuni hiyo, kipande ambacho kingedumu saa 10,000 kwenye nyuzi 600 kitadumu takriban saa 2,150 kwenye 625, mzigo ukiwa ule ule. Ndiyo maana sipendi kipimajoto ambacho hakijahakikishwa.

Ukienda kununua, soma herufi ya mwisho kwenye namba ya stenlesi. Wengi huona 304L ni bora kwa kuwa mshono wake wa kuchomelea hauli kutu kirahisi. Ni kweli, lakini kaboni yake haizidi asilimia 0.03 au karibu na hapo, na kwenye moto kaboni hiyo ndiyo inayosaidia kuzuia kripu. 304H ina asilimia 0.04 hadi 0.10. Kwa tanuri letu nilihamia 310, yenye kromiamu kama asilimia 25 na nikeli 20, maana haibanduki magamba upesi.

Acha nafasi pia. Trei ya mita moja ikifika nyuzi 850 hurefuka zaidi ya milimita 15. Ikibanwa pande zote itajikunja yenyewe hata bila mzigo. Na badala ya kuongeza unene, ongeza egemeo katikati. Chuma kinene hujibebesha uzito wake.

Wanaofua chuma watasema kwao ulaini huo ni neema, na ni sawa. Bati la stenlesi likigongwa baridi huzidi kuwa gumu hadi lipasuke. Likiwa kwenye nyuzi 1,100, punje mpya huzaliwa katikati ya kazi na chuma kinakubali tena. Hata hapo muda upo: likibanwa polepole linatii, likipigwa kwa kasi linakinza. Likishuka chini ya kama nyuzi 925, lirudishe motoni.

Trei ya sasa tunaipima kila Jumatatu kabla ya kuwasha. Tunalaza rula ya chuma juu yake na kuingiza vipande vya geji, vibati vyembamba vya kupimia mwanya, katikati, kisha tunaandika kwenye daftari linaloning'inia kando ya swichi. Wiki hii ilikuwa imebonyea milimita 4. Ikifika 8 tutaigeuza juu chini, mzigo uanze kuinyoosha.