Barua kwa mwanangu: Moyo mwema hauna risiti

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa. Unasema umeona majina ya watakaosoma ile shahada ya uzamili ya uongozi wa asasi zisizo za faida, na ndani yake yumo muuguzi, mtu wa benki, mchungaji, mwalimu mkuu mstaafu na kijana aliyetoka jeshini. Unauliza watu wasiofanana hivyo wanatafuta nini darasa moja. Umeuliza kama mtu mwenye udadisi tu. Mimi nimekuzaa, najua unaulizia safari ya nani.

Nikujibu lako upesi, nipate nafasi ya kusema langu. Muuguzi anakwenda kwa sababu alikuwa hodari wodini, wakampandisha cheo, na sasa kutwa anashika bajeti badala ya mgonjwa, wala hakuna aliyemfundisha bajeti. Wa benki bajeti anaijua, ila amechoka kuhesabia fedha watu ambao tayari wanazo. Anatafuta mlango wa kuingilia, na huku wanamwona mgeni. Mchungaji na mwalimu mkuu wameongoza miaka mingi, lakini wameongoza watu waliozoea kuwatii. Bodi haitii, na mtu wa kujitolea ukimkaripia leo, kesho humwoni. Wa jeshini mwache ajieleze mwenyewe. Na yuko mmoja ambaye hukumtaja na huwa hakosekani: mwanzilishi. Alianzia sebuleni na marafiki, leo ana wafanyakazi na ofisi, na usiku anakesha akiwaza mishahara.

Masomo yenyewe si ya kale. Chuo Kikuu cha San Francisco, Marekani, kilianza kutoa shahada ya uzamili ya namna hiyo mwaka 1983, na kile cha Indiana kikaja kufungua shule kuu nzima ya mambo ya hisani mwaka 2012. Waliotangulia walijifunzia kazini, kwa kuungua. Hata lile jedwali la miraba, lenye shughuli, matokeo na viashiria, ambalo wafadhili wengi hawasomi andiko la mradi lisipokuwamo, lilitungwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, lililokuwa shirika la misaada la serikali ya Marekani. Nimelijaza mara nyingi kuliko nilivyojaza fomu zako za shule, na hakuna aliyewahi kuniambia lilikotoka.

Lakini hilo silo lililonikalisha chini niandike.

Unaikumbuka asasi ya watoto viziwi niliyokuwa naishikia hesabu wakati wewe uko bweni. Wewe unakumbuka sherehe za kufunga mwaka na zile baluni. Mimi nakumbuka safu ya nne ya daftari la fedha. Mfadhili mmoja alikuwa ametoa fedha za kununua gari la kubebea watoto. Gari tu, mkataba ulisema hivyo, hata mafuta hayakuwamo. Mfadhili wa pili, aliyekuwa akilipia mishahara, akachelewa. Mkurugenzi akasema tuazime kwenye za gari, zikiingia za mishahara tutarudisha. Zilipoingia zikamezwa na madeni mengine. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa nikipiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya safu ile, naandika "za gari" na kiasi kilichobaki, na kiasi kinaisha kama kipande cha sabuni. Nilisema kwenye kikao cha wafanyakazi. Nikaandika dokezo. Nikaomba nafasi mbele ya bodi, wakanipa dakika za mwisho, watu wameshaanza kukusanya makaratasi yao. Mwenyekiti akanisikiliza, akatabasamu, akasema, "Mama, kazi hii ni ya moyo. Tusiipime kwa daftari."

Moyo mwema hauna risiti. Nimekuimbia hilo tangu ukiwa mdogo, na baba yako husema mtaniandikia kaburini. Nami kila nikilisema namwona mwenyekiti yule anavyofunga faili lake.

Baadaye wafadhili wakasisitiza aletwe mshauri. Akaja kijana wa umri wako wa sasa, mwenye shahada hiyohiyo unayoiulizia. Alikaa nami siku chache, akachukua daftari langu, safu kwa safu, kisha akaenda mbele ya bodi ileile. Aliweka ukutani mchoro mmoja: nguzo ndefu ya fedha zenye masharti, nguzo fupi ya fedha ambazo asasi inaweza kuzitumia itakavyo, na chini yake sentensi moja, kwamba misaada ikikatika leo, mishahara itapatikana kwa wiki tatu. Hakumtaja mtu. Hakutamka neno gari. Aliuliza tu, "Bodi ingependa iwe miezi mingapi?" Wakaanza kubishana, mitatu au sita, utadhani jambo hilo wamelala nalo na kuamka nalo maisha yao yote. Mwisho mwenyekiti akampigia makofi. Mimi ndiye niliyekuwa naandika kumbukumbu za kikao, kwa hiyo na makofi niliyaandika.

Bado linanichoma. Siku nikiwa na hasira nasema watu wanakwenda kusoma ili wasikilizwe, basi. Neno lilelile, akilisema mwenye daftari ni usumbufu, akilisema mwenye shahada ni utaalamu. Na muuguzi wako, naapa, ameshaambiwa mara nyingi "hilo waachie wenyewe".

Nikipoa najibishana. Kijana yule hakuja na karatasi tupu. Alijua kwamba dhamana ya fedha iko kwa bodi, si kwa mkurugenzi, na mkurugenzi ni mwajiriwa wao. Mimi niliwapelekea hesabu sahihi kabisa. Yeye akawapelekea swali ambalo ni wao tu wenye mamlaka ya kulijibu. Huo ni ufundi, na ufundi mtu hufundishwa. Haya. Lakini mbona yule mkurugenzi aliyekuja baada ya hapo, naye msomi wa shahada hizohizo, alituandikia mpango mkakati mnene kama msahafu, wenye dira na dhima na jedwali la vihatarishi, na hakuna ukurasa uliosema kwamba wazazi wengi wa watoto wale hawakuijua lugha ya alama? Aliyekuwa akiijua ni mlinzi wa getini. Alijifunza kwa watoto wenyewe, jioni wakisubiri kuchukuliwa, na yeye ndiye ambaye mama wa mtoto alikuwa akimwuliza, "Mwanangu anasema nini?" Mkurugenzi alipita geti lile kila asubuhi, kioo kimepandishwa. Sasa hapo niseme shahada ilimharibu, au hata bila shahada angepita vivyo hivyo? Nadhani angepita. Ila bila shahada asingepewa ofisi.

Najua unasubiri nikuambie nenda au usiende. Baba yako ameniapisha nisitamke, maana anasema mimi nikikushauri kitu unafanya kinyume chake, kama ulivyofanya na uanasheria. Nimemkubalia, ingawa kalamu inaniwasha. Kuuliza hakunikataza. Kabla hujalipa ada, omba mtaala wote uone kama uhasibu wa fedha zenye masharti ni somo la lazima au la kuchagua. Kama ni la kuchagua, mimi ningekuwa... nimeahidi. Mwulize atakayewafundisha mambo ya bodi kama yeye mwenyewe amewahi kukaa kwenye bodi akashindwa kura. Uliza kama kuna masomo ya jioni kwa walio kazini, maana ukiacha kazi ili ujifunze kazi, utakuwa unaandika insha kuhusu asasi usizoziona. Huo si uamuzi, usije ukamwambia baba yako ni uamuzi. Ni hesabu.

Na hao wenzako, ukienda, yaani kama utaenda, kaa karibu na muuguzi.

Nijulishe tarehe ya mwisho ya kutuma maombi. Si kwa lolote, nijue tu.

Mama yako